Droo ya Baba Mkwe

Usiku wa jana niliota, na nyie kina mama wenzangu naomba msome mpaka mwisho, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na sijui kutunga.

Binti yangu Tupokigwe anatafuta wazee wake wa enzi za Mwingereza. Wiki ya tatu hii ananiganda: "Mama, babu mzaa baba aliitwa nani?" Baba yake alishafariki. Na mimi ni mwanamke wa Kinyakyusa. Kwetu mke hamtaji baba mkwe, jina lake halipiti mdomoni mwangu. Namjibu, "Aliitwa babu yako. Kula."

Basi kwenye ndoto mimi na Tupo tuko ofisi ya kumbukumbu za mkoloni. Ukutani kuna tangazo: ANZA NA ALIYE HAI. RUDI NYUMA. USIRUKE MTU.

Tukarudi nyuma. Kinyumenyume, visigino mbele. Hatua ya tatu nikamkanyaga marehemu mama mkwe.

"Samahani, mama."

"Bora umenikanyaga," akasema. "Ungeniruka, ungeanza upya."

Mara ofisi ni shamba la migomba. Makabati yameota katikati ya mashina. Rejista moja nene inakohoa vumbi, inaniuliza:

"Babu wa binti anaitwa nani?"

Tupo ananitazama. Mimi natazama migomba.

"Ni baba wa mume wangu," nasema.

Rejista inacheka mpaka gundi inaachia. "Na wewe! Karani alipopita kuandika watu, wazee walikuwa shambani. Wakajibu wake wa watoto wao. Wote hivyohivyo!"

Inavuta droo. Ndani wamebanana wazee mia tatu, wanagombea blanketi moja. Kila mmoja shingoni ana kibandiko: BABA WA MUME.

"Asiyejulikana babu yake anakaa humu," inasema. Inamfunga Tupo kibandiko kwenye msuko, kwa uzi wa katani, inamlaza kati ya wazee. Droo inaanza kujifunga yenyewe.

"Mama, sema basi!"

"Mwanangu, nitasemaje mimi?"

"Mama! Vidole vyangu!"

Nikasema. Kwa sauti, shamba zima likasikia. "Ambakisye!"

Mzee mmoja akasimama. Mimi tayari niko nyuma ya mgomba, kanga usoni, kama adabu inavyotaka.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema, akimtoa Tupo kwa mkono, "tangu aolewe amechelewa miaka ishirini na sita. Lakini sauti anayo."

Nikaamka. Kumekucha, Tupo ananiletea chai, anajikuna kichwa.

"Mama, msuko huu unaniuma, kama kuna mtu kauvuta."

Nikaushika. Kwenye ncha yake kuna uzi wa katani, umefungwa mafundo mawili.

Nikaukata kwa meno. Ndiyo maana nawaonya wenzangu: semeni mapema, watoto wasije wakaenda kuulizia kwenye droo.

"Leta kalamu," nikamwambia. "Na ufunge mlango, baba mkwe asisikie."