Marubani Wawili wa Chemchem

Barua ya shirika la ndege ilimkuta Mfaume kwenye foleni ya sukari. Kusema kweli, aliyekuwa kwenye foleni ni jiwe lake. Siku zile Tabora watu waliweka mawe mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, kisha wakaenda zao kwenye shughuli. Mfaume alikaa kivulini akililinda la kwake, kwa kuwa shughuli hakuwa nayo. Ndivyo anavyokuwa rubani aliyekaa miezi minane bila ndege.

Mwaka ule wa sabini na saba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, pamoja na shirika lake la ndege, na kila nchi ikashika njia yake. Marubani wa Kitanzania wakaambiwa warudi makwao wasubiri, shirika jipya likipata ndege za kutosha wataitwa. Mfaume akarudi mtaa wa Chemchem kwa mama yake, akatundika sare zake nyuma ya mlango. Wiki ya kwanza watu walimpisha njiani. Mwezi wa tatu wakaanza kumuuliza, wakimwona juu ya baiskeli, anatarajia kutua saa ngapi. Mwezi wa nane hawakumuuliza kitu tena, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Aliyemletea barua kutoka posta ni Twalibu, wa nyumba ya tatu kutoka kwao, ambaye naye alikuwa rubani. Mtaa mzima ulijisifia jambo hilo: bomba la maji moja, marubani wawili. Walizaliwa msimu mmoja, wakasoma darasa moja, wakapelekwa mafunzoni pamoja, na siku ya kuajiriwa walitia saini kwa kupokezana kalamu. Tofauti ni kwamba Twalibu alikuwa na mke na watoto watano, na katika kusubiri huko alijitosa kwenye biashara ya asali. Aliifuata Sikonge kwa baiskeli, akarudi na madebe mawili na nyuki kadhaa waliokataa kuachana na mali yao.

"Zimekuja mbili," Twalibu alisema. Ya kwake alikuwa ameshaisoma, na hakuwa anacheka, mtu ambaye hucheka hata msibani.

Barua ilieleza kwamba shirika linawarudisha marubani kwa kufuata ukubwa kazini. Aliyeajiriwa mapema anaitwa mapema, anapewa namba, na namba hiyo anabaki nayo mpaka astaafu. Wameshaitwa kumi na wanane. Nafasi ya kumi na tisa iko wazi, ila wanaoistahili ni wawili walioajiriwa siku moja, na kanuni inasema walioajiriwa siku moja hupangwa kwa umri, mkubwa akitangulia. Tatizo ni kwamba faili zinaonyesha wote wawili wamezaliwa tarehe mosi Julai, 1946. Basi walete barua ya mahakama yenye kuthibitisha mkubwa ni nani, ndani ya siku kumi na nne. Wakishindwa, nafasi atapewa mwingine, nao watapangwa chini ya vijana wapya wanaomalizia mafunzo ng'ambo. Nafasi ya ishirini itatokea lini, shirika halikuweza kusema.

Sasa hiyo mosi Julai ilikuwa siku ya kuzaliwa ya nusu ya mkoa. Karani wa boma, akiletewa mtoto ambaye hakuna aliyeandika tarehe yake, alichagua katikati ya mwaka, akagonga muhuri, akaita mwingine. Hakujua kwamba ipo siku watu wazima wawili watapigania miezi.

Kazi ya kwanza waliachiwa akina mama. Bi Zamda, mama yake Mfaume, na Bi Mwanne, mama yake Twalibu, walikuwa mashoga wa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akimpunguzia mwanawe umri ili na yeye mwenyewe apungukiwe. Ghafla wakageuza. Zamda alidai kwamba alipompelekea Mwanne uji wa uzazi, Mfaume alikuwa mgongoni, tena ameshaota meno. Mwanne akajibu kwamba uji ule aliupika yeye, na mgongoni alikuwa Twalibu, tena alishuka akatembea. Mkunga aliyewazalisha wote wawili alishatangulia mbele ya haki. Ilipofika Ijumaa, Mfaume alikuwa amezeeshwa kiasi cha kustahili kupigana vita vya Hitla.

Hivyo wakaenda mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa Bi Bernadeta, msichana wa Kikatoliki kutoka vijijini huko, mwembamba, mwenye miwani na subira fupi. Alikaa na wazee wawili wa baraza: Mzee Justus, aliyesinzia, na Mzee Lugembe, aliyekuwa macho. Hakimu aliwasikiliza akina mama kwa nusu saa, habari ya uji ikamchosha. Akauliza kama hakuna siku yoyote, tangu utoto wao, ambapo watoto wa Chemchem walipangwa mstari kwa umri wao mbele ya watu wazima.

Wanaume wote waliokuwa ndani ya chumba kile waliangalia miguu yao.

Siku hiyo ilikuwapo. Mwaka wa hamsini na sita watoto kumi na wanne wa mtaa ule walipelekwa jandoni, porini kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Huko watoto hupangwa kwa umri, mkubwa mbele. Anayetahiriwa wa kwanza huitwa kiranja, na jina hilo hubaki naye maisha. Ila mambo ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake, na hapa mwanamke ndiye aliyekalia kiti cha hakimu. Mzee Lugembe alianza kukohoa. Yeye ndiye aliyekuwa ngariba wa jando lile, na ustadi wake ulijulikana mpaka Urambo.

Twalibu akasimama. Aliinamisha kichwa, akachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema ipo shughuli ya wanaume ambayo hataieleza, na kwamba katika shughuli hiyo mkubwa wa wote huwa ni kiranja. Akasema kiranja wa mwaka ule ni yeye, mtaa mzima unamwita hivyo hadi leo, hata wauza nyama. Kisha akakaa bila kumtazama Mfaume.

Hakimu akamuuliza Mfaume ana jibu gani. Mfaume akasema hana. Bi Zamda akamkata jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Hakimu, kwa huruma au kwa njaa ya mchana, akaahirisha shauri mpaka Jumatano na kusema siku hiyo ataandika uamuzi, jibu liwepo lisiwepo.

Jibu Mfaume alikuwa nalo. Alikuwa nalo kwa miaka ishirini na mmoja, na alitarajia kuzikwa nalo. Siku ile jandoni aliyepangwa mbele hakuwa Twalibu, alikuwa yeye. Alipoona kisu, alikimbia. Twalibu, aliyekuwa wa pili, akasogezwa mbele, na Mfaume akatahiriwa wa mwisho, jua likiwa linakwenda kutua, na ngariba akiwa amechoka na amekasirika. Wazee waliona haya kwa niaba yake, wakawaapisha watoto wote wasiseme. Nyumbani Bi Zamda alipiga vigelegele, na tangu siku hiyo ameutangazia mji kwamba mwanawe hakupepesa hata jicho. Mfaume akilalamikia jino, mama humkumbusha jando.

Kwa hiyo akinyamaza, amekosa ndege, maana nafasi ya ishirini haina tarehe na yeye ataendelea kulinda mawe. Akisema, amevunja kiapo, amemwaibisha mama, na barua ya mahakama itafika mezani kwa mkubwa wa marubani ikisema kwamba huyu mnayetaka kumkabidhi abiria arobaini ana tabia ya kukimbia. Alilala vibaya siku tatu. Jumanne alasiri akaenda kwa Mzee Lugembe, akamkuta uani anatengeneza mguu wa kitanda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Umechelewa, kama kawaida yako."

Mfaume alimeza hilo. Akauliza kama kiapo kile kinamfunga mtu mpaka lini. Mzee alipigilia msumari wake hadi mwisho, akaupapasa, ndipo akajibu.

"Nyimbo ni za jando. Kisu ni cha jando. Hayo ukiyasema nitakulaani kwa mdomo wangu huu. Lakini mbio, mjukuu wangu, zilikuwa zako. Sijafundisha mtu kukimbia."

Jumatano mahakama ilijaa hadi madirishani. Chemchem haikuwa na sinema kila siku, na kesi isiyo ya kufungwa mtu ni starehe safi. Bi Zamda alikaa mstari wa mbele, amevaa kanga mpya. Mfaume alivaa sare yake, kofia akaishika mkononi. Alipoitwa alisimama wima, kama siku ya mtihani wa kurusha ndege peke yake.

Akasema. Alisema kwamba katika ile shughuli ambayo mwenzake hakuieleza, wa mbele alikuwa yeye, na kwamba alipoona mambo yanakaribia alitoka mbio, akapanda mti, akakaa juu kabisa tangu asubuhi mpaka jua lilipoegemea magharibi. Wazee walimbembeleza wakachoka. Walimtishia, akapanda tawi la juu zaidi. Hakuteremka kwa ushujaa, aliteremka kwa njaa. Akasema hayo yote akiangalia ukuta wa nyuma ya hakimu, kwa sauti ileile ambayo rubani hutangazia hali ya hewa mbaya.

Kicheko kilianzia madirishani kikaingia ndani. Mzee Justus aliamka, akaulizia kilichotokea, akaelezwa, akacheka peke yake baada ya wengine kumaliza. Bi Zamda hakucheka. Alijifunika uso kwa ncha ya kanga, na Mfaume alipoona mabega yake yanatikisika alitamani mti mwingine.

Hakimu aligonga meza. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akaweka kalamu chini.

"Bwana Mfaume, mahakama imekusikia. Lakini hapa kuna kazi inayotafutwa. Mtu yeyote anayetaka kazi anaweza kujiita mwoga. Nani mwingine aliona?"

Hapo ndipo Mfaume alipoishiwa kabisa. Walioona walikuwa wengi, na wote walikuwa wameapa. Ruhusa ya Mzee Lugembe ilikuwa ya mbio zake yeye, haikuwa ya macho ya wenzake. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye baraza, hakuweza kuhukumu na kutoa ushahidi kwa mdomo mmoja. Mfaume aligeuka akatazama nyuso za wanaume aliokua nao, fundi baiskeli, mwalimu, mpiga chapa wa marobota ya tumbaku, na kila aliyemtazama akagundua kitu kwenye dari. Alikuwa ametoa aibu yake bure, mbele ya mama yake, na ndege ilikuwa imeondoka.

Twalibu alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mikono imevimba kwa nyuki. Mke wake alikuwa nyuma yake na mtoto wa mwisho mapajani. Twalibu alikuwa ameshinda. Hakutakiwa kufanya kitu chochote zaidi ya kuendelea kukaa.

Akasimama.

"Ni kweli, mheshimiwa. Mimi nilikuwa wa pili. Walinisogeza."

 Mke wake alisema jambo kwa sauti ndogo, naye akampungia mkono bila kugeuka, apate kumaliza. Hakimu akamuuliza kama anaelewa kwamba kwa maneno hayo anajinyima nafasi. Akasema anaelewa. Akamuuliza kwa nini basi siku ya kwanza hakulisema hilo.

"Watoto watano, mheshimiwa." Alijikuna mkono. "Halafu siku hizi tatu nimeitwa kiranja kila ninapopita, nikawa naona haya. Watu hawajui. Mimi sikuwa jasiri hata kidogo. Na mimi nilitaka kukimbia. Lakini mti ulikuwa mmoja, na huyu alishaupanda."

Safari hii hata hakimu alivua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi. Bi Mwanne aliinuka kwenye kiti chake akahamia kwa Zamda, akakaa karibu naye. Zamda alipofunua uso kumbe alikuwa akicheka hadi machozi. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba alijua tangu siku ile ile, maana mtoto alirudi na utomvu wa mti kwenye makalio ya kaptula na yeye ndiye aliyeifua. Vigelegele alivipiga ili majirani wasiulize.

Uamuzi uliandikwa kabla ya adhuhuri. Ulisema mkubwa ni Mfaume, kwa ushahidi wa mashahidi wawili, na hakimu aliacha mti nje ya barua. Mfaume aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja. Kwa siku zote hizo alikuwa ameiota furaha ya karatasi hiyo. Sasa ilikuwa mkononi mwake, na alichokihisi kilikuwa karibu na huzuni, kwa sababu ya yule mtu aliyekuwa nje anafunga madebe matupu kwenye baiskeli ili awahi Sikonge kabla ya giza.

Alimfuata. Alikuwa ameandaa maneno: kwamba namba ishirini haitachelewa, kwamba mshahara wa kwanza hatausahau mlango wa tatu. Twalibu alikaza kamba ya mwisho, akageuka, akamtazama na ile sare yake kutoka viatuni hadi kofia. Hawakuwa wamewahi kuamkiana kwa heshima tangu wazaliwe. Uso wake ulianza kucheka, ukaacha katikati.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Mfaume alivua kofia, akamshikia baiskeli apande.