Daraja la Nant Elwen

Lavinia Thirkettle alikuwa akimimina chai, Bwana Peckover alipouchomoa mchoro mmoja kutoka kwenye lundo na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu!" akasema. "Bwana Thirkettle, huu ndio utakaofungua kitabu."

Nyumba yao mjini Norwich ilikuwa imevurugika wiki nzima. Miaka ishirini na miwili nyuma, Ambrose Thirkettle aliizunguka Wales akichora milima na mito kwa rangi za maji. Lavinia, dada yake, alifuatana naye, akimwoshea brashi na mara mojamoja kuchora yake kando. Sasa mchapishaji huyu alikuwa ametoka London kuja kuchagua michoro, na karatasi zilitandazwa kila mahali, hata juu ya kinanda.

Ambrose akavaa miwani. Lilikuwa daraja la mawe la Nant Elwen. Mto umefura, kilima kimemezwa nusu na ukungu. Alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Niliuchora lini huu?"

"Nyuma umeandikwa tarehe tisa Septemba," akasema Peckover.

Ambrose akaifunua shajara ya safari. Siku hiyo aliandika neno moja tu, kwa mwandiko wa kutetemeka: Homa.

"Sikuweza kuinua kijiko, sembuse brashi. Basi ni wako, Lavinia."

"Wangu? Kaka, acha mzaha! Kutwa nzima nilikuwa kando ya kitanda chako. Nani alikuwa akikukanda kwa kitambaa cha maji?"

"Basi mlikuwa na paka hodari wa rangi," Peckover akacheka.

Lavinia aliuchukua ule mchoro, akautazama kwa karibu. Chini ya rangi, penseli ilikuwa imetia kivuli mawinguni kwa mistari iliyolala upande usio wa Ambrose. Kaka yake alitumia mkono wa kulia. Yeye Lavinia alitumia wa kushoto.

Kisa cha ile homa alikuwa amekisimulia kwa shangazi zake, kwa mchungaji, kwa kila mgeni: jinsi alivyokaa na kaka yake asibanduke hata dakika moja. Watu walimsifu kwa hilo, naye aliiamini sifa hiyo kama anavyoliamini jina lake.

"Ngoja nilete maziwa," akasema, ingawa jagi lilikuwa limejaa.

Jikoni alisimama akishika ukingo wa meza. Kitu kikamjia: pindo la gauni lililolowa, jiwe baridi chini yake, kishindo cha maji. Na sauti ya Bi Pugh, mwenye nyumba waliyopanga: "Nenda ukapunge hewa, mwanangu, nitamkalia mimi." Lakini ilikuwa siku ile kweli? Au akili yake ndiyo iliyoshona viraka sasa hivi, baada ya kuona picha? Alijaribu kuishika kumbukumbu, ikamteleza kama sabuni.

Akarudi sebuleni mikono mitupu.

"Nadhani niliondoka," alisema. "Sina hakika. Nadhani nilikuacha kwa Bi Pugh."

Ambrose aliukunjua na kuukunja mkono wake.

"Kuna mkono ulionishika siku ile. Mgumu kama gome la mti. Miaka yote hii nilidhani ni wako, umesuguliwa na kufua nguo zangu. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Mikono ya Bi Pugh ilikuwa hivyo."

"Kwa hiyo nilikuwa nakufa, nawe unachora daraja."

"Inaelekea."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, kaka. Mto uliofura hivyo hauchorwi kwa dakika kumi."

Ambrose akauvuta mchoro, akautazama mpaka chai ikapoa. "Nimechora maji maisha yangu yote," alisema hatimaye, "na sijapata kuyachora yakawa hai hivi. Peckover, utie kitabuni. Uandike jina lake."

"Lakini ukurasa wa jina umeshachapwa! Unasema ni michoro ya Ambrose Thirkettle."

"Basi uchape tena."

Peckover aliondoka na kasha la michoro, akinung'unika hadi getini. Jioni ndugu wawili walikula nyama baridi na viazi. Lavinia hakujua kama amesamehewa au amesifiwa, wala kama anapaswa kulia au kuona fahari. Kila alipojaribu kuchagua kimoja, cha pili kilimvuta nguo.

"Umenikasirikia?" akauliza mwisho.

Ambrose alitafuna, akafikiri, akatafuna tena.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nisogezee viazi."