Foto Bila Urugori

Ku nyumba ya Wabelgiji wa kujitolea, pale Goma karibu na ziwa, kamba ya kuanika nguo ilikuwa na kazi mbili. Asubuhi Nyiramahirwe alianika mashuka na soksi za Wazungu watano. Jioni mamoizeli Angèle alianika foto zake, zikichuruzika maji, zimeshikwa na vibanio vile vile vya nguo. Dancille, mupishi wao, alizoea kumuuliza Nyiramahirwe:

"Mama Anastase, leo umefua nguo ao umefua watu?"

Ilikuwa miaka ya hamsini, na wale vijana walishangaza watu. Hawakuwa mapadri, wala hawakuwa watu wa serikali. Angèle alitunza watoto ku dispanseri, Julien alifundisha useremala, na wote walikula ku meza moja ndefu, wakigombana juu ya nani amemaliza jamu, kisha wakiimba. Waliacha mama zao mbali, kwa hiyo kila kitu walikipiga foto ya kuwatumia: uji ulioungua, Julien akinyolewa, vumbi jeusi la volkano ku viatu vyao.

Nyiramahirwe alitaka foto moja tu.

Bwana wake, Ndagijimana, alikuwa anakausha samaki kule Vitshumbi. Wakati wa mutoto wao wa kwanza, watu walimupelekea habari ya mudomo: "Mutoto ni muzima, ananenepa." Akarudi na kitambaa cha kumubebea, akakuta kaburi. Anastase, mutoto wa pili, alipokuwa angali tumboni, Ndagijimana alisema: "Maneno siyaamini tena. Siku utanionyesha meno yake, nitarudi." Akapanda kamiyo ya samaki, akaenda.

Sasa Anastase alikuwa na meno mawili ya chini, kama punje za muchele.

Siku ya Mungu, kisha misa, Angèle akamuketisha Nyiramahirwe ku kiti, mutoto juu ya magoti. Akachungulia ndani ya mashine ya foto, akakunja uso.

"Mama, utoe hiyo kitu ku kichwa. Inatia kivuli ku macho."

Hiyo kitu ilikuwa urugori, ule ukanda wa ganda la mutama ambao mama aliyezaa anavaa ku paji la uso. Hauvui mbele ya watu mpaka siku ya kilio, akifiwa.

Dancille akatokea ku mulango wa jikoni na mwiko mukononi. "Aa, mamoizeli! Urugori hautolewi hivi hivi!"

Lakini Angèle ndiye aliyemupokea Anastase alipozaliwa. Utamukatalia namna gani mutu aliyekata kitovu cha mutoto wako? Nyiramahirwe akawaza: ni kufumba na kufumbua tu. Akautoa, mashine ikalia tak, akaurudisha ungali na joto la kichwa chake.

"Umeona?" akamuambia Dancille. "Hakuna aliyekufa."

Katikati ya juma, Angèle aliporudi kutoka kuchanja watoto wa Mugunga, akamukimbilia pale pa kufulia, anacheka.

"Mama, nilitaka kukushangaza! Foto yako ilikwenda na kamiyo ya samaki. Bwana wako ameshaiona. Angalia, wewe nimekuwekea nyingine sawa na ile."

Nyiramahirwe akapangusa povu ku mikono, akaipokea. Mutoto alikuwa amegeuza kichwa wakati wa tak. Pale pa uso palikuwa ukungu mweupe, hakuna jicho, hakuna jino. Na yeye mama, kichwa wazi, amekaza macho kama mutu aliyelia mpaka machozi yakakauka. Alivua urugori kwa kufumba macho tu, lakini ile foto haikujua kufumbua.

Akakaa chini ku mawe.

"Atasema mutoto amekufa," akasema. "Atasema nimemutumia kivuli chake. Hatarudi tena."

Angèle hakuelewa, mpaka Dancille alipomueleza bila kumuonea huruma: "Mamoizeli, umemupelekea baba wa watu kilio ku karatasi." Angèle akafunika mudomo na mukono, naye akakaa chini ku mawe, na blauzi yake nyeupe.

Jioni ile hakuna aliyeimba ku meza. Filmu ilibakia na foto moja tu, na ile walikuwa wanaiwekea Julien, wapigwe wote watano pamoja, maana alikuwa karibu kurudi kwao. Ni yeye aliyesema: "Mumupe Mama Anastase."

"Na mama yako?"

"Mama yangu anajua sura yangu. Haimupi usingizi toka zamani."

Asubuhi wakamuketisha Nyiramahirwe, urugori umekazwa vizuri, wakingoja jua litoke ku mawingu. Kamiyo ya samaki ikasimama ku barabara, harufu ikafika mbele yake. Mutu akashuka. Nyiramahirwe alimujua kwa mwendo, maana kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kama wanavyonyoa waliofiwa.

Ndagijimana akaja mpaka mbele ya kiti. Aliangalia urugori. Kisha akaangalia magoti ya muke wake.

"Huyu ni mutoto wa nani?"

"Umuulize yeye mwenyewe."

Akapeleka kidole ku kinywa cha mutoto, polepole, kama mutu anayegusa chungu kilicho ku moto. Anastase akakiuma.

"Ananiuma!" Ndagijimana akapiga kelele. "Muone, ananiuma!" Machozi yakamushuka, naye anacheka.

"Alikuwa anakungoja na hasira," Dancille akasema.

Jua likatoka. Angèle akawaita wote, Wazungu na mwiko wa Dancille pamoja, Julien akavutwa na mukono. Safari hii hakumuambia mutu atoe kitu ku kichwa.

Wale vijana walirudi kwao mumoja mumoja, na kamba ilibakia na kazi ya nguo tu. Foto ya siku ile iko ku mutaa wa Katoyi, ku ukuta wa nyumba ya Anastase. Wajukuu wanamuuliza Nyiramahirwe: "Nyanya, babu alinyolewa kwa sababu gani?"

"Alikuwa anamulilia baba yenu," anawajibu, "huyu anayekula ugali pale."

Wanacheka, wanamutafuta baba yao ku foto, hawamuoni. Aligeuka tena wakati wa tak, uso wake ni ukungu tena. Lakini kidole cha Ndagijimana kimeingia ndani ya ule ukungu, na ukimuangalia yeye, vile amekunja uso kwa maumivu na furaha, unajua kabisa kama mule ndani muna meno.