Shavu la Babu Rosaire

Mjukuu alikuwa amelia tena. Babu yake, Rosaire, alimbusu tu, na shavu lake lililopasuliwa na baridi ya Quebec likamkwaruza mtoto, akarudishwa kwa mama yake. Na ubatizo ulikuwa wiki mbili mbele, babu ndiye wa kumbeba hadi kanisani.

"Shavu gani hilo, mzee? Gome la mti!" mkewe Laurette alimcheka. "Hata ng'ombe wako wanakushinda kwa ngozi."

"Hao nawapaka mafuta kila nikishawakamua."

"Na wewe nani kakukataza?"

Rosaire akajipapasa shavu. Miaka arobaini alikuwa akiosha viwele vya ng'ombe kwa maji ya uvuguvugu na kuvipaka mafuta vingali na unyevu. Uso wake aliusugua kwa maji ya moto na sabuni.

Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, Laurette alimpaka mafuta yaleyale ya zizini, polepole, huku theluji ikishuka dirishani kama maziwa yasiyo na sauti.

Siku ya ubatizo mtoto alilaza shavu lake juu ya la babu, akasinzia. Rosaire akatembea taratibu sana, akitamani kanisa lisogee mbali kidogo.