Kidole cha Awo Tsotsoo

Awo Tsotsoo alipofariki, mkwewe Laryea alilia kwanza kwa heshima, kisha kwa mazoea. Alipomaliza kulia akaenda karakana kumchongea jeneza, na huko akagundua kwamba mikono yake nayo imefariki.

Si kwamba alikuwa fundi wa kubahatisha. Pale mjini kwao Teshie mtu hazikwi kwenye kasha la pembe nne kama mche wa sabuni, na katika kazi hiyo Laryea alikuwa na jina. Wavuvi aliwatia ndani ya samaki, madereva ndani ya malori, na mwalimu mmoja mkali alimzika ndani ya kalamu ambayo wanafunzi wake wa zamani waliogopa hata kuisogelea. Sasa oda zilikuwa zimemkaba kooni: pilipili ya mkulima fulani, ndege ya mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege, kuku wa mama mfugaji. Na juu ya zote hizo, jeneza la mama mkwe, lililotakiwa Jumamosi.

Kila asubuhi Laryea alifungua mlango, akanoa randa, akazitazama mbao, nazo mbao zikamtazama. Kisha akanoa randa tena. Bapa la randa likawa kali kiasi cha kunyolea ndevu, na siku moja, kwa kukosa la kufanya, akanyolea kweli, akatoka na plasta tatu kidevuni.

Ushauri haukukosekana, maana ushauri hauna mwaka wa njaa. Dedei, jirani yake muuza samaki wa kukaanga, alimwambia anywe supu ya pilipili asubuhi na jioni. Mchungaji wake akamwambia afunge. Laryea, ambaye hakutaka kumuudhi mtu, akafanya yote mawili kwa pamoja, na yaliyompata ni aibu kuyasimulia.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba sasa alikuwa na amani aliyoiota miaka mingi. Maana huyo Awo Tsotsoo aliuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, mbele ya karakana, sufuria lake likitoa mvuke na mdomo wake ukitoa moshi. Hakuna kazi ya mkwewe iliyopita bila kunyooshewa kidole. "Laryea! Huyo ni kuku au birika?" "Laryea! Samaki gani huyo ana kiuno?" Laryea alikuwa akisaga meno, anarudi ndani, anachonga na kupiga msasa hadi kuku akaribie kutaga, ili tu yule mama akose la kusema. Hakukosa hata mara moja.

Sasa kigoda cha mama kilikuwa kitupu, na wapita njia walimsifu. Alichonga kichwa cha kuku kilichofanana na kiatu, akakiweka nje, watu wakasimama na kusema, "Loo, fundi, mikono ya dhahabu!" Mtu amefiwa, nani atamwambia ukweli? Laryea akakichukua kile kiatu chenye mdomo akakirudisha ndani, akanoa randa.

Ndipo akaja Nii Ashitey, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, na fimbo yake na pumzi zake fupi.

"Mkwe wetu," akasema, "Jumamosi haiahirishwi. Alhamisi nakuja na ukoo mzima kuliona jeneza. Tusipoliona, kazi inakwenda kwa Odartei."

Odartei alikuwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye Awo Tsotsoo mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, alisema anatengeneza mabanda ya kuku ya kuzikia watu.

"Nii, kwa Odartei? Awo hatakubali!"

"Najua. Dada yangu akizikwa na Odartei atafufuka. Na akifufuka, mwanangu, haji kwangu. Anakuja kwako."

Jioni hiyo Laryea alimweleza mkewe. Amerley alikuwa mtoto pekee wa Awo Tsotsoo, na alikuwa mpole kama maji ya mtungini; watu walisema mama yake aliyatumia maneno yote ya ukoo, akambakishia mwanawe tabasamu. Alichotaka Amerley ni kitu kimoja: mama yake aende akiwa mama yake, mtu akiona jeneza amjue hata bila kuambiwa. Lakini hakulisema hilo kwa ukali.

"Usijali, mume wangu," akasema. "Chochote utakachotengeneza kitapendeza."

Maneno matamu hayo yakammaliza nguvu kabisa.

Basi akaanza kuchonga kenkey. Awo alikuwa muuza kenkey, apelekwe ndani ya kenkey. Hata mlevi angefikia hapo. Alichonga akiwa na pilipili kichwani, ndege kichwani, Odartei kichwani, mkono unakwenda huku na akili kule. Alhamisi ukoo ukaja, ukaketi kwenye viti vya kukodi. Laryea akavuta shuka.

Nii Ashitey akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mambo yalikuwa yale yale.

"Laryea," akasema taratibu, "hiyo kenkey umeifunga kwa kitu gani?"

Laryea akatazama, na damu ikamshuka hadi kwenye kandambili. Alikuwa ameichonga imeviringishwa majani ya mgomba, mishipa ya majani imetokeza vizuri, rangi ya kijani imekolea. Kenkey ya Wafante, kabila jingine kabisa! Na Awo Tsotsoo alikuwa Mga kwa kabila, kutoka kisogoni hadi kisiginoni, kenkey yake imefungwa maganda ya mahindi kama ya mama yake na bibi yake, mwanamke aliyewahi kumrushia mwiko mteja aliyethubutu kusema ya Wafante ni laini zaidi. Huyo ndiye anapelekwa kwa wazee wake ndani ya majani ya mgomba!

Shangazi mmoja akazirai, baada ya kugeuka kwanza kuhakikisha kuna mtu wa kumdaka.

"Lakini rangi... rangi ni nzuri," Dedei akajikongoja kusema.

"Nzuri, nzuri," wengine wakaitikia, macho chini.

"LARYEA!"

Watu wakaruka kwenye viti. Wengine walitazama upande wa mochwari. Lakini aliyesimama alikuwa Amerley, kanga ya msiba imemteleza begani, mkono umenyooka, na mwisho wa mkono kidole.

"Umerogwa au umelala? Mama yangu Mfante tangu lini? Na hiyo ni kenkey au ni godoro lililonyeshewa? Eti majani! Na pale kwenye kiungo umejaza gundi, unadhani hatuoni? Wiki nzima nakubembeleza kwa uji, nasema mume wangu ana huzuni, kumbe mume wangu ana uvivu!"

"Gundi?" Laryea akafoka. "Nimejaza gundi, mimi?"

"Wewe! Njoo utazame!"

Akaenda akatazama. Ilikuwa imejaa gundi hadi aibu. Kitu kikaanza kumchemka kuanzia nyayoni, kikapanda magotini, kikafika kwenye vidole vyake na kuviwasha. Akainua uso ili ajibu, na akakutana na kile kidole. Kirefu, kimepinda kidogo kushoto kwenye ncha, kimejaa hasira ya haki. Alikuwa akikijua kidole hicho kuliko alivyojua viganja vyake. Mama aliondoka, kumbe kidole alikiacha nyumbani.

"Usikishushe!" akapiga kelele.

"Nini?"

"Kidole! Usikishushe! Endelea kunitukana!"

"Unanifanyia mzaha mbele ya ukoo wangu, Laryea? Na hiyo chaki mbona unaishika kama mtoto wa chekechea?"

"Hapo hapo! Ongeza!"

Tayari alikuwa amepiga magoti kwenye ubao akichora. Ukoo ukatazamana. Nii Ashitey, ambaye alikuwa mzito wa pumzi lakini si wa akili, akawaamuru watu wabebe viti vyao watoke.

Laryea alichonga Alhamisi na Ijumaa yote. Tezo liliimba, vumbi la mbao likajaa kwenye supu ya Dedei, na Amerley akakaa kando akimsema. Alisema habari ya kiungo cha kidole, habari ya mkunjo wa ngozi, akavuka akasema habari ya paa linalovuja na ndugu zake Laryea wanaokula bila kunawa. Sauti ilipomkauka, akanywa tangawizi, na Nii Ashitey akashika zamu.

"Wewe Laryea," mzee akaanza, "wewe... wewe wakati mwingine si mtu mzuri sana."

"Nii, pumzika tu," Laryea akamwambia.

Ile kenkey ilichukuliwa na familia moja ya Wafante waliofiwa na shangazi yao. Waliipenda sana, ila walilalamikia gundi.

Jumamosi Awo Tsotsoo akatoka. Jeneza lake lilikuwa ngumi kubwa ya kahawia, na mbele yake kidole kimoja kirefu, kimepinda kidogo kushoto. Hakuna aliyeuliza ni nani. Watu wazima walisimama wima na kupangusa midomo. Wachukuzi wakalipandisha jeneza mabegani, ngoma zikalia, na kama ijulikanavyo, maiti ndiye aendaye atakako, wachukuzi ni miguu tu. Kidole kikayumba huku, kikayumba kule, kikasimama mbele ya Odartei, ambaye alikuja kutafuta kasoro. Odartei akaingia uvunguni mwa meza ya vinywaji. Kikamgeukia mchungaji, aliyetamka haraka kwamba paja la kuku lililo mkononi mwake ni la mgeni. Kikampata Dedei.

"Mafuta ni ya juzi, Awo!" Dedei akalia. "Nitayamwaga leo leo!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Kisha wachukuzi wakafika mbele ya karakana, na hapo miguu ikawagomea. Jeneza likageuka polepole, polepole, mpaka kidole kikamwelekea Laryea katikati ya macho.

Ngoma zikanyamaza. Laryea akasimama, anangoja. Akangoja yale maneno, na maneno hayakuja, na hapo ndipo msiba ulipomwingia sawasawa. Mtaa mzima ulikuwa umemsifu tangu asubuhi, na sifa zote hizo hazikumfaa kitu. Alitaka yule mama amwambie jambo moja tu baya. Machozi yakamtoka, ya kweli safari hii, yakatiririka hadi kwenye plasta za kidevuni.

Amerley alikuwa kando yake, amevimba macho, sauti imebaki ya mkwaruzo. Akakisogelea kidole, akakikodolea macho.

"Laryea."

"Naam."

"Ukucha umeuweka upande."

Laryea akafuta macho akatazama. Ulikuwa upande. Si sana, lakini ulikuwa upande, na Awo Tsotsoo angeuona akiwa ng'ambo ya barabara.

Wachukuzi wakasema wamehisi mzigo unakuwa mwepesi, wakageuka, wakaanza kukimbia na jeneza kuelekea makaburini, ngoma nyuma yao. Laryea aliingia karakana mbio, akatoka na patasi mkono mmoja na msasa mkono mwingine, akapenya katikati ya waombolezaji akisukuma wakubwa kwa wadogo.

"Awo, ngoja!" alikuwa akipiga kelele. "Ngoja kwanza, Awo, bado sijamaliza!"