Gunia la Mwisho la Kibosho

Winifrida alitumwa Stockholm na chama cha ushirika cha kwao, Kilimanjaro, akajifunze kuonja kahawa. Mwaka ule wa 1973 alipangiwa Jakobsberg, kitongoji cha jiji hilo, kwenye kiwanda kidogo cha mkaangaji kahawa mmoja aliyeitwa Holger. Holger alimtaka amwite jina tupu, kama desturi ya Waswidi, lakini ulimi ulikataa. Akawa Mzee Holger.

Moshi wa kahawa ukitanda ndani na theluji ikianguka nje, Winifrida alijisahau. Aliona migomba dirishani. Alimwona baba yake akiteremka kutoka kwao Kibosho na gunia begani, akielekea chamani, kwa mnunuzi pekee aliyekuwapo. Mara kengele ya mashine ya kukaangia ikalia, na migomba ikageuka misonobari.

Novemba ikaja barua. Maduka yaliyouza kahawa ya mzee yalikuwa yameingia mikononi mwa kampuni moja, na rafu zote wakapewa wakaangaji wawili wakubwa. Mmoja wao alikuwa tayari kuinunua mashine.

Winifrida alimuuliza mzee kwa nini asiwauzie wengine.

"Wengine wapi?" mzee akasema taratibu.

Winifrida alimkumbuka baba yake mbele ya mizani ya chama, akipokea bei yoyote aliyopewa. Naye pia hakuwa na wengine wa kuwauzia.

Siku ya mwisho mzee alimwambia achague gunia la kukaanga. Akachagua la Kilimanjaro, lililotoka kwao Kibosho, akaomba lisichanganywe na kahawa ya Brazili. Walipokunywa, mzee alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Miaka thelathini nimeizamisha ndani ya nyingine," alisema. "Sijapata kuionja peke yake."

Wakafungua madirisha. Harufu ikaelea hadi stesheni, na watu walioshuka kwenye treni wakaifuata kama watu watembeao usingizini, wakapanga foleni kwenye theluji. Kila mfuko waliouziwa Winifrida aliuandika kwa mkono: Kibosho. Kufika adhuhuri, gunia lilikuwa tupu.

Jumatatu lori likaja kuchukua mashine.

Aliporudi Moshi alisimama mkutanoni, akaomba chama kikaange chenyewe magunia machache na kuyauza kwa jina la Kibosho. Wengine walicheka. Alishindwa kwa kura nne. Lakini katika mikono iliyonyooshwa kumuunga mkono aliuona wa baba yake, mtu ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni, umeinuka juu kuliko yote.