Ufunguo Uko kwa Wifi

Haya alinisimulia mshonaji mwenyewe, Jumatatu iliyopita, alipokuja kunipima gauni. Alikuwa na pini nne mdomoni, na kila alipofika penye kuchekesha ilimbidi azitoe kwanza asije akazimeza. Nami nayaandika kama alivyoyasema, nikitia chumvi kidogo tu, ile ya kukolea.

Mshonaji huyu alijaliwa mkono wa dhahabu na mfuko uliotoboka. Kwenye karakana ya sare za shule, alikokaa mashine namba saba miaka tisa mizima, hakuna aliyemfikia kwa kutia kola. Lakini pesa ikiingia kwake ilikuwa kama mgeni aliyeacha teksi inamngoja nje: hata kukaa haikai. Alikuwa ameshavunja vibubu viwili vya udongo. Cha kwanza alikivunja kwa ajili ya viatu vyekundu ambavyo mpaka leo vinambana. Cha pili hakumbuki hata alikivunjia nini, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Kisha nyakati zikaanza kuyumba. Leo unapanda unga, kesho mafuta, na mafundi karakanani wananong'ona kwamba oda zimepungua. Mumewe alikuwa mpaka rangi za nyumba, mtu mwema asiye na makuu, ila watu wakibanwa kitu cha kwanza wanachokisamehe ni rangi. Mshonaji akawa anatia vifungo huku moyo unamuuliza: siku hapa pakifungwa, utatoka na nini? Akajijibu mwenyewe: mkasi na futi ya kupimia. Akaazimia kununua cherehani yake ya umeme. Ya mtumba, bei yake ilikuwa kama mshahara wake wa miezi mitano.

Basi kila Jumamosi akishalipwa, anazigawa pesa mafungu matatu juu ya kitanda: kodi, chakula, na cherehani. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa na watetezi wao. Mwenye nyumba anakuja mwenyewe kubisha hodi, na njaa haihitaji kukumbushwa. La tatu ndilo lililokuwa yatima.

Akaenda kwa seremala wa jirani. "Nitengenezee kibubu cha mbao ngumu. Kisifunguke kwa kisu, wala kwa mchi."

"Unamwogopa mwizi gani?" seremala akamuuliza.

"Namwogopa huyu unayeongea naye."

Kufuli lilikuja na funguo mbili. Mmoja mshonaji aliutumbukiza chooni kwa mkono wake, mumewe akishuhudia. Wa pili akaupeleka kwa wifi.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mlinzi wa geti la zahanati. Kiunoni alining'iniza shada la funguo zinazolia kama njuga. Aliwahi kumrudisha daktari mkuu nyumbani kwa kusahau kitambulisho, na daktari akarudi kukichukua, tena mbio. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumsifu mke wa mdogo wake kwa lolote, hata kwa chai.

"Wifi," mshonaji akamwambia pale getini, "nishikie ufunguo huu. Nikija kuuomba kabla ya kupata cherehani, usinipe."

"Ukilia?"

"Usinipe."

"Ukipiga magoti?"

"Usinipe, wifi."

"Mbona raha!" Wifi akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, akakaza kwa meno. "Miaka yote nakunyima vitu bure bure. Leo nimepewa na cheo."

Haikupita miezi miwili, duka la vitambaa likashusha bei. Mshonaji akaona pazia la maua ya zambarau, akaota nalo mchana kweupe. Akaenda getini kwa mwendo wa kunyata.

"Wifi, naomba ule ufunguo. Mara moja tu, nauru..."

"Cherehani umeipata?"

"Bado, ila kuna pazia..."

"Dirisha lako lina ukubwa wa sahani, pazia la nini? Toka getini kwangu, wagonjwa wanapita!"

Akarudi mikono mitupu, akimsonya njia nzima. Lakini usiku ule akaligusa sanduku la kibubu kwa mguu akiwa kitandani, akalisikia zito, akatabasamu gizani.

Kitu kimoja tu hakukielewa. Wifi, ambaye zamani akija huishia mlangoni, sasa alikuwa haishi kuja. Kila wiki yupo. Akifika anashika paji la uso. "Kichwa kinanigonga. Ngoja nijinyooshe chumbani kwenu kidogo." Anajifungia mlango, na mara inasikika: chaka, chaka, chaka. Mshonaji akamwambia mumewe, "Dada yako anakagua kama nimechezea kufuli. Hata kuniamini haniamini!" Tena akitoka huko anakuwa na macho mekundu. "Silali, mwenzangu wa taabu," anasema. "Zamu hizi zitaniua."

Mwaka ukaingia, mambo yakazidi kukaza. Karakana ikapunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu. Jumamosi hiyo mshonaji akakaa kitandani mbele ya pesa kiduchu, akajaribu kuzigawa mafungu matatu, zikakataa. Akatoka na machozi mpaka getini. Safari hii hakuwa na pazia kichwani.

"Wifi, unga umeisha. Kodi imepungua. Nipe ufunguo nichukue kidogo, nitarudisha."

Wifi alipapasa pindo la leso yake. Mshonaji akadhani sasa atapewa.

"Hapana," wifi akasema. "Nenda nyumbani. Nikitoka zamu nakuja."

Alikuja kweli, na mfuko wa unga kichwani. Akautua kwa kishindo. "Huu ulikaa sana kwangu, nusura uote panya. Mnaweza kula au mnajidai?" Kisha akakaa kitandani, akazimwaga pesa, akawaita mtu na mumewe kama watoto wa darasa la kwanza. "Haya. Nauli ya kwenda kazini?"

"Napanda gari asubuhi, narudi kwa gari."

"Una miguu miwili, Mungu akupe nini? Asubuhi panda, jioni tembea. Na wewe," akamgeukia mpaka rangi, "vocha ya simu kila siku, unampigia nani? Wenye nyumba za kupaka rangi?"

"Dada, wakinitafuta..."

"Kupokea ni bure. Watakupata." Akahamisha sarafu kutoka huku kwenda kule. "Mkaa washeni mara moja kwa siku, mpike kwa mara moja. Sukari, kijiko kimoja kila kikombe. Wewe mdogo wangu unatia vinne, nakujua tangu unanyonya."

Mtoto wao wa kike wa miaka sita, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akauliza, "Shangazi, na mimi nipunguze nini?"

"Wewe punguza maswali."

Wakacheka wote, hata wifi, kwa sauti iliyomtoka kabla hajaizuia. Na mwisho wa hesabu ile, kwenye fungu la tatu zilibaki sarafu nne. Nne tu. Mshonaji akaona haya. "Hizi za kutia kibubuni kweli, wifi? Si mzaha huu?"

"Tia. Jumamosi isipite bila mlio."

Basi Jumamosi hazikupita bila mlio. Wiki nyingine noti, wiki nyingine sarafu mbili zinazogongana kama meno ya mzee. Alipochoka kutembea jioni alijikumbusha ule mlio, akapiga moyo konde. Akagundua pia kwamba kijiko kimoja cha sukari kinatosha, na kwamba mumewe, asipokuwa kwenye simu, ni mtu wa stori.

Mwezi wa kumi na nne, mwenye karakana aliwakusanya mafundi mchana wa Jumamosi. "Nimepigana mpaka nimeshindwa. Leo tunafunga. Mashine nauza. Lakini ninyi ndio mlionilisha, kwa hiyo kila mmoja ana haki ya kununua ile aliyoikalia, kwa nusu ya bei. Saa kumi jioni anakuja mfanyabiashara kuchukua zinazobaki."

Namba saba! Mashine anayoijua kikohozi chake, anayoijua kwamba asubuhi za baridi haitaki kuharakishwa. Mshonaji hakungoja hotuba iishe. Alikimbia na ile futi yake shingoni mpaka zahanati.

"Wifi! Siku imefika! Ufunguo!"

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. "Hapana," akasema.

"Hapana nini? Cherehani nimeipata! Si pazia, si unga. Ni cherehani yenyewe, namba saba, mwisho saa kumi!"

"Kesho."

"Kesho itakuwa imeshauzwa!"

"Basi... keshokutwa." Wifi akasimama, akakaa, akasimama tena. Jitu zima la geti, linaloogopwa na madaktari, likaanza kulia. "Sina."

"Huna nini?"

"Ufunguo sina, wifi yangu. Wiki ya tatu tu tangu unipe, nilikuwa nafua leso pale bombani, fundo likalegea. Niliuona kwa macho yangu ukiteleza kwenye chujio la mtaro. Tii! Ukaenda."

"Na siku ya pazia?"

"Sikuwa nao."

"Na siku ya unga?"

"Ningeutoa wapi? Ule unga nilikwenda kuukopa dukani ndipo nikaja. Ningekuacha vipi na njaa, na pesa zako nimezifungia mimi?" Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nimejaribu funguo zote za zahanati hii kwenye kufuli lako. Wa stoo, wa maabara, mpaka wa choo cha daktari mkuu."

Chaka, chaka, chaka. Mshonaji akakumbuka, akaangua kicheko. Alicheka akiwa ameshika nguzo ya geti, mpaka mgonjwa mmoja wa mguu akamwonea huruma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mlinda geti apoteze ufunguo? Si mtaa mzima ungenicheka? Na ningekuambia, ungelivunja sanduku siku ile ile. Nikasema, afadhali anichukie, pesa zibaki." Akainamisha kichwa. "Miezi kumi na mitatu silali, wifi. Nikifumba macho nasikia tii."

Mshonaji akamshika mkono. "Ungekuwa nao ungenipa?"

Wifi akafikiri. "Siku ya pazia, ng'o. Siku ya unga... ningekupa. Machozi yako yalinishinda."

"Basi namshukuru Mungu na mtaro wake. Twende kwa seremala."

Walipolichukua sanduku nyumbani wakafika kwa seremala, saa nane u nusu ilikuwa imeshapita. Seremala alilizungusha sanduku, akagonga hapa na pale, akalipindua. Akachukua patasi, akakwangua tako la sanduku, na chini ya ubao mwembamba uliogandishwa kwa gundi zikaonekana skrubu sita zinang'aa. Ndani ya robo saa ubao wa chini ulikuwa mkononi mwake.

"He!" mshonaji akang'aka. "Wakati wote huo lilikuwa linafunguka kwa chini?"

"Fundi hajengi nyumba akasahau mlango wake."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, lingefika hata mwezi?"

Wifi akamtazama seremala kwa jicho ambalo, lingekuwa moto, randa zote zingeungua. "Na mimi nilikwepa kuja kwako kwa kuwa mdomo wako ni redio. Kumbe lililokuwa na faida umelinyamazia!"

Walihesabu juu ya meza ya seremala, katikati ya vumbi la mbao. Ilitosha. Ilitosha na ikabaki ya kumlipa mwenye duka la unga, na kodi ya mwezi mmoja. Mshonaji aliziweka kiganjani zile sarafu nne za wiki ile mbaya, au aliamini ni zile, akazibusu moja moja.

Mpaka rangi aliibeba namba saba kwa toroli, kabla ya saa kumi, huku akiimba kama bwana harusi. Wakaipanga chini ya dirisha la ukubwa wa sahani.

Kesho yake Jumapili mvua ilinyesha mchana kutwa. Seremala akaleta sanduku limepigiliwa tako jipya, safari hii misumari ya kweli, na kufuli jipya. Mshonaji akautoa ufunguo, akamnyooshea wifi.

"Umerogwa?" wifi akaruka. "Mpe hata mtoto!"

"Wewe ndiye. Vua shati la kazi."

Kazi ya kwanza ya namba saba katika nyumba ile haikuwa gauni wala sare. Ilikuwa kamfuko kadogo ndani ya shati la mlinzi, upande wa moyo. Mshonaji akatia ufunguo, akaushonea humo humo pande zote nne, mishono miwili miwili. "Haya. Sasa ukitaka kunipa, uchane kwanza shati la watu."

Wifi alilivaa shati, akapapasa kifuani, akaukuta. Akapapasa tena, bado upo. Akashusha pumzi ndefu iliyokuwa imekaa ndani yake miezi kumi na mitatu. "Unashona vizuri, wifi," akasema. Sifa ya kwanza tangu harusi.

Mtoto alikuwa ameshalala juu ya rundo la vipande vya kitambaa. Baba yake naye kajinyoosha mkekani, mgongo umechoka kwa toroli. Wifi akaegemea mto, akisema anapumzisha macho tu, na kabla hajamaliza neno akaanza kukoroma, mkono juu ya mfuko.

Mshonaji akaifunika namba saba kwa kitambaa safi, akajibanza kitandani pembeni ya wifi yake. Mvua inapiga bati, wifi anakoroma. Akamshukuru Mungu kwa kimoja kimoja: kwa mwenye karakana, kwa seremala, kwa unga wa mkopo, kwa mtaro wa zahanati. Kisha akaanza kuhesabu mikoromo. Saba hakuifikia.